Aliyeniweka Chini ya Meza

...na anafunga kile kitambaa polepole, mke wangu, aliyetukuta tumeshatoka nje, anakizungusha kwenye kiwiko cha mama yake, anapuliza kama anavyopuliza magoti ya watoto wakianguka, sote tumeketi kwenye changarawe ya maegesho pamoja na majirani wa ghorofa zote, hakuna kurudi ndani mpaka fundi akague nyufa za tetemeko, na mama mkwe anasema tena, kwa sauti ileile ya kuomba asogezewe chumvi, "Mume wako ndiye aliyeniweka chini ya meza," na mke wangu ananitazama kwa macho ambayo sijayaona tangu tuoane, nami najifanya nakung'uta vumbi suruali, kwa sababu sikumweka, mimi nilikimbia... vikombe vilianza kugongana kabatini, taa ikayumba, nikatupa gazeti nikampita, yeye na magoti yake mabovu, mkono ameunyoosha, niliuona, siwezi kusema sikuuona, nikashuka ngazi tatu tatu na kandambili moja mguuni, na nyuma yangu akiniita mwanangu, wala si kwa kelele, mwanangu, kama mtu anayeuliza umeiona miwani yangu... na mwezi uliopita ni mimi niliyeleta nyumbani mafunzo ya tetemeko tuliyopewa kazini karakanani, kifua mbele, usikimbie mama, wanaokimbia ndio wanaoangukiwa na matofali, piga magoti, ingia chini ya meza, kinga shingo, shika mguu wa meza, ikihama uhame nayo, nikamfanyisha na mazoezi, akacheka mpaka machozi, akauliza akishaingia humo nani atamtoa, nikamwambia mimi nipo, ulimi kweli hauna mfupa... tetemeko lilipotulia nikapanda, kumbe amejiburuza mwenyewe, amekumbatia mguu wa meza, kabati limelala palepale alipokuwa ameketi, kioo kimemkata kiwiko, hakunitazama, alisema tu nipe mkono... mke wangu anauliza mbona nimenyamaza, anajijibu kwamba ni mshtuko, ananipapasa bega, bega linawaka moto, na mama mkwe anaendelea kumwagia sifa, nguvu za huyu kijana, alininyanyua kama mto, kila sifa ni kofi, afadhali angenitukana, kwani ananisitiri mimi, au anamsitiri binti yake asijue analala na nani... ardhi inatikisika tena, kidogo, watu wanashikana, nami nimeshamfunika mama mkwe kichwa kwa mikono miwili, hapa nje, kwenye anga tupu, pasipo na cha kumwangukia mtu, ushujaa wa bure, inatulia, natoa mikono, na najua nikinyamaza sasa nitashuka zile ngazi kila siku mpaka kaburini, "Nilikimbia," nasema, "mama alijiweka mwenyewe. Nilimwacha," sauti ndogo, ila mkono wa mke wangu unasimama, ncha ya kitambaa inaning'inia, na mama mkwe hakatai, hanitetei, anashusha pumzi ndefu, ile ya mtu aliyetuliwa mzigo kichwani, na mimi, mjinga mimi, nilidhani mzigo ulikuwa wangu peke yangu, ananigeukia, ananitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu atoke kule chini, "Nilikuita," anasema, "Nilisikia, mama," na mke wangu, bila kututazama yeyote, anaendelea kufunga...