Swali Alilolitafsiri Kalunde

Waingereza nao wana mambo. Sisi tukisema kuponya, tumemaliza. Wao wana 'cure', ya dawa kufukuza ugonjwa, halafu wana 'heal', ya kidonda kujifunga chenyewe polepole, na ukizichanganya unaonekana hukusoma. Kalunde alikuwa akizunguka nyumba tangu asubuhi, akizitenganisha jozi hizo kwa sauti ya chini. 'Hear' ni sauti kukufikia tu, hata kama huitaki. 'Listen' ni kutega sikio. 'Borrow' unachukua, 'lend' unatoa. Akikaa, anainuka. Chai ilikuwa imeshapoa mezani, na hakukumbuka kama ni yeye aliyeimimina.

Saa nne angepigiwa simu ya video ya usaili na hospitali moja ya Uingereza. Akipita, anaenda kuwa nesi huko. Akifeli, anabaki na kibarua chake pale kliniki ya sokoni Mukuyuni, ambako wanamwita wanapotaka na kumwacha wanapotaka.

Mama yake, Katunge, hakuambiwa. Alikuwa uani akipepeta ndengu, na alipouliza, aliambiwa Kiingereza hicho chote ni cha Jumapili. Maana Kalunde ndiye mkalimani wa kanisa lao. Mhubiri mgeni akija, yeye husimama ubavuni mwake; mgeni anatamka sentensi, ananyamaza, na Kalunde anaimwaga kwa Kikamba. Hajawahi kuruka neno, hata siku mhubiri alipowasema wazee wa kanisa wanaosinzia mbele.

Mbona alimficha mama? Alijiambia kwamba mama akijua, ataomba bintiye aombewe kwenye spika za kanisa, na soko zima litajua kabla ya majibu. Uongo mtupu. Alikuwa anaogopa, basi. Tangu baba azikwe wamebaki wawili katika boma lile, na kila alipotaka kusema, aliishia kuuliza habari za ndengu.

Simu ikalia. Alikuwa mwanamke mwenye miwani, mpole wa sauti. Kalunde alisimama wima, mikono mbele, kama anavyosimama kanisani. Hapo ndipo mazoea yalipomponza. Yule mwanamke aliuliza swali lake polepole, kila neno safi, kisha akanyamaza kungoja.

Kalunde akalitafsiri.

Kwa Kikamba, tena kwa sauti ya kufika benchi la nyuma: kwa nini unataka kuacha nyumbani kwenu, uende kuishi mbali na watu wako?

Huko uani ungo ukanyamaza.

Kalunde akaziba mdomo kwa kiganja. Jozi zote alizokariri zilimtoka kichwani, hata jina lake angeulizwa angebabaika. Alipogeuka, mama alikuwa mlangoni, makapi ya ndengu yamemshika kwenye leso, akiangalia simu, halafu akimwangalia yeye.

"Hilo swali si la mhubiri," mama akasema kwa Kikamba. "Ni lako."

"Ni langu, mwaitu."

"Nimekusikia siku hizi ukiongea na kuta, nikajua kuna jambo. Nikangoja uniambie." Alipangusa mikono kwenye leso, taratibu, ingawa haikuwa na kitu. "Enda. Mimi sikukatazi. Lakini huyo mtu simjui hata jina, na amejua kabla yangu."

"Samahani, kuna mtu hapo?" yule wa miwani akauliza kwa Kiingereza. "Amesema nini?"

Angeweza kudanganya. Kusema ni jirani amekuja kuomba chumvi, na nani angejua? Kalunde alishusha mkono, machozi yanamteremka, akajibu kwa Kiingereza bila kuchagua neno lolote.

"Ni mama yangu. Anasema niende. Anasema pia kwamba wewe umejua kabla yake, na imemuuma."

Kisha akamgeukia mama, akimngoja aendelee, kama anavyomngoja mhubiri.