Kitambaa cha Zamu

Watu walimwita Mdogo, naye aliitika, ingawa mvi zilishamfika hadi kwenye nyusi na meno mawili ya mbele yalikuwa yamekwenda zake. Alikuwa na kaka, kaka huyo aliitwa Mkubwa, na jina la namna hiyo ukishapachikwa utotoni unazeeka nalo. Mashamba yao yalipakana kwenye mteremko mmoja, la Mkubwa juu, la Mdogo chini, kama baba yao alivyowagawia kabla hajafa. Mkubwa alikuwa mgane, wanawe wametawanyika kutafuta maisha, akabaki na mahindi yake na mbuzi jike mmoja mwenye tabia mbovu. Mdogo alikuwa na mkewe na nyanya.

Mvua zikishakata, uhai wa mashamba yote mawili ulikuwa mfereji mmoja mwembamba uliotoka kwenye chemchemi kule juu. Ulipofika mpakani uligawanyika, na kila upande ulikuwa na lango lake la kibao, na kando ya kila lango kigingi. Baba yao hakuwa mtu wa maneno mengi. Alichana kipande cha gauni kuukuu la mama yao, la buluu, akakifunga kwenye kigingi kimoja na kuwaambia wanawe: mwenye kitambaa ndiye mwenye maji. Leo huyu, kesho yule. Jua likianza kushuka, aliyemaliza zamu hufunga lango lake, hufungua la mwenzake, kisha huhamisha kitambaa. Asiye na kitambaa hagusi kibao, hata kama shamba lake linawaka moto. Buluu ilishapauka ikawa rangi ya majivu, na utaratibu haukuwahi kuvunjwa hata mara moja.

Haukuvunjwa hata waliponuniana. Na walinuniana kwa ajili ya mbuzi, tuseme ukweli, watu wazima wawili wenye akili zao. Mbuzi wa Mkubwa alikata kamba, akashuka, akala miche ya maharage ya Mdogo mpaka mizizi. Mdogo akamkamata, akamfunga nyuma ya jiko lake, akakaa kusubiri kuombwa radhi. Mkubwa alikuja, hakusalimia, akafungua kamba, na wakati wa kuondoka akasema, "Baba alikosea kukupa shamba. Angekupa kiti ukae." Hayo tu. Lakini Mdogo alikuwa amefanya kazi tangu utoto kwa ajili ya kumwonyesha kaka yake kwamba na yeye ni mkulima, na neno hilo lilimwingia likakataa kutoka. Tangu siku ile hawakusemeshana. Kitambaa kilienda na kurudi mpakani, na hayo yakawa ndiyo mazungumzo yao.

Mke wa Mdogo aliendelea kwa muda kumpelekea shemeji yake sahani ya chakula kila jioni, kama alivyofanya tangu yule mgane abaki peke yake. "Mimi sijagombana na shemeji," alisema. "Mbuzi hakula maharage yangu." Mdogo alivumilia kwa wiki kadhaa, kisha siku moja akaishika ile sahani mlangoni. Alimwambia kwamba mke wake haendi kulisha mtu anayemdharau mumewe, na kama anataka kwenda basi aende moja kwa moja. Mke aliirudisha sahani jikoni. Hakuipeleka tena, wala hakumsamehe.

Sasa kiangazi hicho kilikuwa kikali kuliko vyote walivyokumbuka. Nyasi zilikatika ukizikanyaga. Mdogo alikuwa na nyanya zilizofungwa vizuri kwenye miti, mstari kwa mstari, zimeshika matunda ya kijani makubwa kama ngumi ya mtoto, na wiki hiyo ndiyo iliyokuwa ya kuamua. Zikipata maji zitaiva. Zikikosa, kitako cha tunda kinaoza likiwa bado mtini, na mwaka mzima umekwenda. Maharage yalishaliwa na mbuzi na vitunguu havikuota. Nyanya zilikuwa ndizo zilizobaki, na Mdogo aliamka nazo na kulala nazo. Asubuhi alipita akiokota viwavi kwa vidole, mchana alikalia ndoo kivulini akizitazama kana kwamba angeondoka zingefanya ujinga.

Jioni zamu ya Mkubwa ilipokwisha, Mdogo alipanda mpakani kuangalia. Kitambaa kilikuwa bado kwenye kigingi cha kaka yake. Alisubiri. Jua lilizama, kitambaa kikabaki pale pale, na maji yakaendelea kunong'ona kuingia kwenye mahindi.

"Labda amepitiwa na usingizi," mkewe alisema walipokuwa wanakula.

"Mkubwa? Yule analala jicho moja likiwa wazi."

"Basi kamuulize."

"Nimuulize nini? Mwenye kitambaa anajua ana kitambaa."

Kesho yake asubuhi kitambaa kilikuwa palepale. Mahindi ya Mkubwa yalisimama marefu na meusi kwa afya, yamefungamana hata huoni ndani yake, na nyanya za Mdogo zilianza kukunja majani. Mchana akasikia mbuzi akilia kule juu, mlio mrefu usiokoma, wa mnyama aliyefungwa bila majani wala maji. Mdogo aliusikia vizuri. Aliona hata mbuzi naye sasa ametumwa kumcheka.

"Mbuzi analia vibaya," mkewe alisema.

"Mwache alie. Maharage yangu hayakulia?"

Mke alifunga kitambaa chake kichwani, akavaa viatu. Mdogo alisimama mlangoni. "Ukipanda huko," alisema, "utakuwa umeniambia mimi ndiye mjinga. Unataka kuniambia hivyo?" Sauti yake ilikuwa ndogo, na hilo ndilo lililomshinda mkewe. Angepiga kelele, mkewe angempita. Alivua viatu na kukaa chini, akaanza kupukuchua mahindi ambayo hayakuhitaji kupukuchuliwa.

Mtu mwingine angefungua lango akachukua maji, mambo yakaisha. Mdogo hakuweza. Alisimama mpakani mkono ukiwa karibu na kibao, nyanya zake zikifa nyuma yake, na mkono haukushuka. Kuiba maji hawezi, kuuliza hataki: huyo ndiye mtu mwenyewe. Alikuwa mnyoofu kwenye kitambaa na mpotovu kwenye kila kitu kingine, na alijiona mwenye haki mpaka machozi yakamlenga.

Jioni aliona jambo lililommaliza kabisa. Maji yalikuwa yamejaa shamba la Mkubwa, yamevuka tuta la mwisho, na sasa yalikuwa yanatiririka bure kwenye njia ya wapita njia, yakifanya matope ambamo kuku wa watu walikuwa wanakunywa. Alirudi nyumbani.

"Anayamwaga," alimwambia mkewe. "Unasikia? Hayahitaji, anayamwaga barabarani ili nione. Anataka nipande nikapige magoti. Sipigi."

Mkewe aliendelea kupukuchua. Alikuwa amewachoka wote wawili.

Asubuhi iliyofuata, Mdogo alichuma nyanya ya kwanza iliyooza kitako. Aliigeuza mkononi, akaona lile doa jeusi lililodidimia, akatazama mstari mzima na kukuta madoa mengine. Aliileta jikoni akaiweka mbele ya mkewe, kama mtu anayeleta ushahidi. Mke aliitazama muda mrefu.

"Baba watoto," alisema, "tangu nimeolewa humu, umewahi kumwona shemeji akimwaga maji?"

"Si nimekuambia, jana—"

"Nisikilize. Maji ya kunawa mikono anamwagia mche wa pilipili. Maji ya kuoshea vyombo anampa mbuzi. Siku ya msiba wa mke wake, watu wanalia, yeye alitoka kwenda kufunga bomba la pipa lililokuwa linadondoka. Mtu huyo amwage mfereji mzima njiani, kwa ajili yako?"

Mdogo alibaki amesimama. Kisha alitoka mbio, mzee mwenye magoti mabovu, akapita kwenye nyanya zake mwenyewe akizivunja.

Mbuzi alikuwa amelala ubavu kwenye kamba yake, yu hai kwa shida. Nyumba ilikuwa wazi, kikombe mezani, kitanda kimetandikwa. Mdogo aliita "Kaka," na neno hilo lilimtoka kwa sauti ya ajabu kwa sababu hakuwa amelitumia siku nyingi. Aliingia kwenye mahindi. Humo maji yalimfika kwenye vifundo vya miguu, na ndani kabisa akaona jembe limeegeshwa, na kando ya jembe mahali ambapo mahindi yalikuwa yamelala.

Pale Mkubwa alikuwa ameanguka, lakini hakuwepo. Kutoka pale kulikuwa na njia ya mahindi yaliyolalia upande mmoja, pana kama mwili wa mtu, imejaa matope, ikikata mistari. Mdogo aliifuata. Haikwenda upande wa nyumba. Haikwenda upande wa barabara, ambako mtu mwenye akili angejikokota ili aonekane na wapita njia. Ilishuka moja kwa moja kuelekea mpakani. Alimkuta kaka yake hatua chache kutoka kwenye lango la maji, kifudifudi, shavu ndani ya mfereji, mkono wa kushoto umenyooshwa mbele na kucha zimejaa udongo. Kigingi kilikuwa mbele yake, ng'ambo ya mstari wa mwisho wa mahindi. Kitambaa kilikuwa kinapepea mbali kidogo na pale mkono ulipoweza kufika.

Mdogo alikuwa amesimama upande wa pili wa lango hilo jana yake, na juzi. Mahindi ndiyo yaliyokuwa katikati yao.

Alikuwa hai. Nusu ya uso wake ilikuwa imelegea na mguu wa kulia na mkono wa kulia vilikuwa vimekufa ganzi, lakini jicho la kushoto lilifunguka likamtazama. Mdogo alipiga magoti kwenye matope, yale magoti aliyosema hayapigi, akamgeuza na kumpangusa mdomo kwa shati. "Kaka, nilidhani," alisema. "Nilidhani unanifanyia makusudi." Jicho lilimtazama tu. Mkewe alifika na toroli, wakampakia wao wawili, miguu ikining'inia nje, na wakamsukuma mpaka zahanati.

Tabibu alikuwa kijana mpole. Alieleza kwamba damu imeziba kichwani, na kwamba maji ya mfereji ndiyo yaliyomfanya asife kwa jua, kwa kuwa alikuwa akiyanywa pale alipolala. Kisha akauliza alianguka lini. Walimwambia. Alisema kwamba wangemleta siku ile ile pengine angeongea, pengine angetembea na fimbo. Sasa hapana. Hakusema kwa lawama, na Mdogo alitamani angesema kwa lawama. Mke wa Mdogo aligeukia ukuta. Kama sahani ingepanda jioni ile, angemkuta kabla jua halijazama, na wote wawili walilijua hilo, wala hakuna aliyewahi kulitamka.

Walimleta nyumbani kwao. Kiti cha Mkubwa kiliwekwa barazani, mahali penye kivuli asubuhi mpaka jioni, ambapo anaona shamba lake na la mdogo wake. Mbuzi naye alishuka nao. Anafunguliwa na kula anachotaka, na hakuna anayemfukuza. Jioni mke wa Mdogo anaijaza ile sahani na kumlisha shemeji yake kwa kijiko, akimfuta kidevu, akimsimulia habari za siku kama zamani. Mumewe akimsemesha, anamjibu ndiyo na hapana tu.

Nyanya, kwa taarifa yako, hazikufa. Nusu yake zilioza, lakini zilizobaki zilipata maji zikainuka, zikaiva nyekundu. Mdogo alizichuma kwa sababu lazima zichumwe. Aliona haya kuzigusa.

Maji yote sasa ni yake, angeweza kuyaelekeza kwenye nyanya usiku na mchana na hakuna wa kumuuliza. Hafanyi hivyo. Leo anamwagilia lake, kesho anapanda na jembe kumwagilia mahindi ya kaka yake, tuta kwa tuta, na hamwagi hata tone. Jua likianza kushuka siku ya zamu ya Mkubwa, anashuka hadi barazani na miguu yake ya matope, anachuchumaa mbele ya kiti.

"Kaka," anauliza, "umemaliza? Nichukue maji?"

Mkewe alimwambia mara ya kwanza aache, kwamba mtu mwenyewe hasemi, kwamba ni kumtesa na kujitesa. Mdogo alimjibu kwamba jioni ile ndiyo aliyopaswa kuuliza, na hakuuliza. Tangu hapo mkewe anamwacha.

Mkubwa anatazama mpakani kwa jicho lake moja. Wakati mwingine mkono wa kushoto unanyanyuka kidogo kutoka kwenye paja, unanyooka mbele, vidole vimefunguka, kisha unashuka. Mdogo anangoja mpaka ushuke. Halafu anasimama, anapanda peke yake, anafunga lango la kaka, anafungua lake, na anahamisha kitambaa.