Gari-Nyumba na Saini ya Penina

Penina Akyoo aliikuta ripoti mezani kwa meneja siku ya Jumatatu, imefungwa ndani ya jalada la plastiki, jina lake likiwa chini ya ukurasa wa mwisho. Saini ilikuwa yake. Aliujua mkia wa ile herufi P, namna anavyoupinda kama ndoano. Lakini maneno yaliyoitangulia hayakuwa yake hata moja.

"Baada ya kulinganisha watengenezaji watatu," ripoti ilisema, "tunapendekeza gari-nyumba la kampuni ya Ulaya, kwa kuwa limeyazidi mengine kwa usalama na starehe."

Usalama. Alilisoma neno hilo mara tatu akiwa amesimama.

Penina alikuwa dereva na fundi wa ushirika wa wanawake wanaopeleka wageni kupiga kambi kuuzunguka Mlima Meru, kuanzia Momella mpaka nyika za nyuma ya mlima, upande wa Longido. Walikuwa wanachama ishirini na watatu, wenye ofisi ya vyumba viwili Kimandolu, magari mawili yaliyochoka na rundo la mahema. Wageni wao wengi ni watu wazima, na miaka ya karibuni walikuwa wameanza kulalamikia migongo. Ndipo mkutano mkuu ukaamua linunuliwe gari moja jipya la dizeli, lenye vitanda, jiko na choo humo humo ndani. Kina mama wakaliita nyumba ya magurudumu kabla hata halijachaguliwa. Penina akapewa kazi ya kulinganisha watengenezaji na kuandika atakachokiona, maana katika ushirika mzima ni yeye aliyelala chini ya magari karibu sawa na alivyolala kitandani.

Kazi hiyo ilimchukua wiki sita. Gari la kwanza lilitoka Ulaya. Wakala wake, kijana mtanashati aliyeitwa Daniel, alikuwa na yadi Njiro, na gari la maonyesho liling'aa pale yadini kama kabati la vyombo la bibi harusi. Lilikuwa na makabati ya rangi ya mbao, oveni, bafu la maji moto na taa zinazowaka kwa kuguswa. Penina alivutiwa, hakukana. Kisha akainama chini yake. Chesisi, ile fremu inayobeba gari zima, ilikuwa ya gari la kusambazia mikate mjini. Injini ilikuwa ya kisasa mno, ina kichujio cha moshi kinachotaka dizeli safi kuliko ile ya mapipa wanayonunua huko nyuma ya mlima, na tangi dogo la dawa ya buluu ya kusafishia moshi, ambayo ikiisha, gari linagoma kuwaka.

"Dawa hii nitaipata wapi nikiwa Ngarenanyuki?" alimuuliza Daniel.

"Mnabeba ya akiba, dada."

"Na uzito wa akiba?"

Daniel akagusa taa nyingine, ikawaka.

La pili lilitengenezwa Afrika Kusini, kijumba kilichopandishwa juu ya pikapu imara. Lilikwenda popote, ila lililaza watu wawili tu. La tatu lilikuwa lori dogo la Kijapani, injini ya zamani isiyochagua dizeli, linalovuta kwa magurudumu yote manne. Nyumba yake ilijengwa na karakana moja ya Nairobi. Ilikuwa mbaya kwa sura, ya pembe nne kama banda la kuku, na choo chake ni ndoo yenye kifuniko kizuri. Lakini lilibeba tani mbili bila kunung'unika.

Yote matatu aliyapandisha barabara ya Momella na kuyateremsha, yakiwa na matangi yaliyojaa maji na magunia ya mchanga badala ya wageni. Lile la Ulaya, kwenye mteremko, lilianza kutoa harufu ya breki zinazoungua kabla hata hawajafika nusu. Penina aliijua harufu hiyo. Kaka yake Gadiel, dereva wa kampuni nyingine, alikufa miaka tisa iliyopita kwenye mteremko kama huo, ndani ya gari lililobebeshwa kupita kiasi na watu waliokuwa wamekaa ofisini. Alisimamisha gari, akashuka, akakaa juu ya jiwe mpaka magurudumu yakapoa. Usiku ule ule aliandika: gari hili lisinunuliwe. Akaandika sababu zake kurasa nane, akatia saini kwenye ukurasa wa tisa, akamkabidhi meneja na kubaki na nakala.

Sasa ukurasa wa tisa ulikuwa pale mezani, na kurasa nane za mtu mwingine zimepachikwa mbele yake.

Meneja Dismasi aliingia akiwa na kikombe cha chai. Alivaa jaketi jeusi lenye nembo ya watengenezaji wa Ulaya kifuani. Mwezi uliopita Daniel alikuwa amempeleka kuona kiwanda chao, siku kumi, na tangu arudi hajalivua jaketi hilo hata jua likiwa utosini.

"Ah, dada Penina. Karibu, kaa."

"Sikai. Ripoti yangu iko wapi?"

"Si hiyo umeishika."

"Hii siyo niliyoandika, Dismasi."

Alikunywa chai kwanza. "Ile yako ilikuwa nzuri, lakini ndefu, na ya kifundi sana. Wanachama wasingeielewa. Nimeirahisisha."

"Mimi niliandika lisinunuliwe. Wewe umeandika linunuliwe. Huko ndiko kurahisisha?"

"Dada yangu, tuangalie soko. Mgeni akiliona lile banda la Nairobi atarudi kwao. Akiliona hili, atapiga picha. Wewe unaangalia vyuma, mimi naangalia biashara. Ndiyo maana mimi ni meneja."

"Na saini yangu?"

"Saini ni ya kazi, si yako binafsi."

Penina angeweza kummwagia ile chai. Aliukodolea macho mkono wake mwenyewe uliokuwa ukielekea kikombeni, akaurudisha. Akachukua ripoti, akaiweka kwapani, akatoka bila kufunga mlango. Nyuma yake alimsikia Dismasi akisema kwa upole, kama mtu anayembembeleza mtoto, "Mkutano ni Jumamosi, dada. Tusije tukavunja umoja."

Mchana huo alipanda mpaka Akheri, kwa mwenyekiti wao, Mama Kaanaeli. Alimkuta shambani, akipogolea kahawa chini ya migomba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekunja uso hivyo?"

Penina alimweleza yote, kisha akamfunulia nakala yake, ile yenye kurasa nane za kweli. Mama Kaanaeli hakuvaa hata miwani. Alifuta kisu kwenye kanga, polepole, upande mmoja na upande mwingine.

"Dismasi kanieleza," alisema. "Amesema una uchungu na mambo ya magari tangu marehemu kaka yako. Nami naona hivyo. Msiba unaweza kumfanya mtu aone hatari kila mahali."

Penina aliweka kidole kwenye safu ya namba. Kama angefukuzwa asingeumia vile. Wamemtafutia ugonjwa, na ugonjwa wenyewe wakaupa jina la Gadiel.

"Mama, nimepima. Hizi ni namba, si uchungu."

"Namba tutaziangalia baada ya kununua. Wahisani wanaotuchangia fedha za gari wameshaonyeshwa picha. Unataka tuonekane watu gani? Jumamosi njoo, kaa kimya, mambo yapite. Twende ndani upate ndizi."

"Asante, mama. Sitakula."

Kwa mtu wa Meru, kukataa ndizi kwa mama mtu mzima si jambo dogo. Mama Kaanaeli alisimama na kisu chake akimtazama akishuka, na Penina hakugeuka.

Siku nne zilizofuata hakuzungumza na mtu ofisini. Aliosha magari, akabadilisha oili, akagonga vyuma kwa nguvu kuliko vilivyohitaji. Alijua akisimama mkutanoni na kusema, watasema ni uchungu. Akilia, ndiyo kabisa. Ijumaa alimtafuta Namnyaki, mpishi wa safari zao, mwanamke wa Kiarusha asiye na subira na maneno mengi, akamwonyesha kurasa zote mbili za kwanza, ya kwake na ya Dismasi.

Namnyaki alizisoma kwa kidole. "Huyu mtu ametuweka sisi ndani ya hilo gari," alisema. "Mimi ndiye nitakayekaa nyuma na mitungi ya gesi."

"Ndiyo."

"Basi unataka nifanye nini? Sema kitu kimoja, nitakifanya."

"Kesho nikisema pandeni, wewe uwe wa kwanza kupanda."

Mkutano ulifanyika asubuhi katika ukumbi wa kanisa, Usa River. Gari la maonyesho lilikuwa limeegeshwa nje, likiwa na utepe mwekundu kwenye kioo. Daniel alikuwa pale na mkataba wake, na Dismasi akawa anawatembeza kina mama ndani, akiwaonyesha taa za kugusa. Walicheka, wakakaa kwenye makochi, wakapiga picha. Walipoingia ukumbini, Dismasi akasoma ripoti kwa sauti nzuri, na alipofika mwisho akasema, "Imesainiwa na mtaalamu wetu wenyewe, dada Penina Akyoo." Watu wakapiga makofi.

Penina alisimama kabla makofi hayajaisha.

"Saini ni yangu. Maneno si yangu. Yangu yalisema lisinunuliwe."

Mama Kaanaeli akagonga meza. "Penina, tulishaongea."

"Tulishaongea, mama, ukaniambia nina msiba. Mimi leo sina hotuba. Mita mia tatu kutoka hapa kuna mizani ya mfanyabiashara wa mahindi, wanapimia malori. Nimeshaomba, ametukubalia. Gari hili kitabu chake kinasema lisizidi kilo elfu tatu na mia tano, likiwa na kila kitu ndani. Tulijaze kama tunavyosafiri, tukalipime. Likipita, nitatia saini upya mbele yenu na kuomba radhi."

"Haya ni mambo ya kihuni," Dismasi alisema. "Gari la watu, jipya—"

"Unaogopa mizani?" Namnyaki aliuliza kutoka nyuma. Alikuwa ameshasimama, kapu lake mkononi, na bila kusubiri jibu akatoka nje. Wengine wakamfuata, baadhi kwa hasira, wengi kwa kutaka kuona. Daniel alisema hana ruhusa ya kulipeleka gari kwenye mizani. Mama mmoja mnene akamwambia kwamba wao nao hawana ruhusa ya kununua wasichokipima, na hilo likamaliza mjadala.

Walijaza maji. Wakapakia mitungi miwili ya gesi, viti, mahema mawili ya wafanyakazi, tairi la akiba, masanduku ya chakula. Namnyaki akapanda, kisha wengine wanne. Penina akashika usukani. Hakumwangalia mtu. Alilipeleka taratibu mpaka juu ya bamba la chuma, akazima injini. Karani wa mizani akasoma kwa sauti, kama anavyosoma kila siku.

"Elfu tatu, mia tisa na hamsini."

Penina akalisogeza mbele mpaka magurudumu ya nyuma tu yakabaki kwenye bamba. Karani akasoma tena. Ekseli ya nyuma ilikuwa imepita kiwango chake kwa karibu kilo mia tatu.

"Na hapa ni tambarare," Penina alisema. "Mlinipa kazi nikaifanya. Nilijaza mchanga, nikateremka Momella, breki zikanuka. Nikaandika. Kuna mtu akachana kurasa zangu akawaandikia nyinyi uongo na kuufunga kwa jina langu. Mngekufa, ningekuwa mimi niliyewaua. Jina langu lingekuwa pale chini."

Mama Kaanaeli alikuwa amevaa miwani sasa. Aliomba nakala ya Penina, akaisoma kurasa zote nane akiwa amesimama juani, na hakuna aliyethubutu kumharakisha. Alipomaliza alimtazama Dismasi.

"Ulinieleza habari za msiba," alisema.

"Mama, ilikuwa ni makosa ya kuchapa—"

"Vua hilo jaketi la watu."

Alilivua. Kina mama wakateremsha mizigo yao, naye Daniel akakata utepe kwenye kioo, akaondoa gari lake bila kuaga.

Kura zilipigwa hapo hapo kando ya mizani. Lori la Kijapani lilishinda kwa kura kumi na tisa, na likafika kutoka Nairobi mwezi wa saba. Mtu angedhani mambo yaliishia hapo, lakini Dismasi hakufukuzwa. Mkataba wake ulikuwa na mwaka mzima mbele, na kina mama walisema amejifunza. Penina alipouliza amejifunza nini, walianza kuzungumzia rangi ya lori. Mama Kaanaeli alikuja mwenyewe mpaka Kimandolu, akamshika Penina mikono yote miwili na kusema, "Nilikukosea, mwanangu." Hilo alilipokea. Lilitoka moyoni, na alilisikia.

Kwa Dismasi alitaka maandishi. Naye akaleta barua ya mistari miwili: kama kuna mtu yeyote aliyekwazika, anasikitika. Penina alichukua kalamu, akalikata neno "kama", akairudisha. Ya pili ilisema kulitokea hali ya kutoelewana. Akairudisha. Ya tatu ilikuwa ndefu, yenye mstari kutoka Biblia. Akairudisha hiyo pia, na wenzake wakaanza kunong'ona kwamba sasa amezidi, mwanamke gani huyu asiyesamehe.

Ya nne ilikuja Alhamisi. "Nilichukua saini ya Penina Akyoo nikaiweka chini ya maneno yasiyo yake, nikijua gari si salama."

Aliisoma akiwa mlangoni mwa gereji, mikono imejaa grisi. Alingoja kuona kama hasira itashuka. Ilishuka kidogo, si yote. Akaikunja barua, akaiweka mfukoni, akarudi kukaza springi za nyuma, maana kesho yake walikuwa na wageni wanne wa kupeleka Longido.