Hatupigi kwa Simu

Pale Mwanjelwa, jijini Mbeya, ukiuliza studio ya Othmani, utaambiwa fuata maneno mekundu. Na kweli utayaona kabla hujauona mlango: HATUPIGI KWA SIMU, na chini yake, namba ya simu. Watu waliicheka sana hiyo namba. Othmani mwenyewe hakuona cha kuchekesha. Simu ni ya kupigiwa, alisema, si ya kupigia picha.

Alikuwa mtu wa kujivuna, tusifiche, lakini alijivunia kazi aliyoifanya kweli. Nusu ya maharusi wa jiji lile walikuwa wametundika ukutani picha alizopiga yeye. Ndiyo maana vijana wa siku hizi walimkera: wanakwenda harusini na simu mfukoni, wanalipwa, na bado wanaitwa mapro. Aliwachukia hata maneno yao. Wao husema memori. Othmani alishikilia kwamba memori ni ya simu, kamera ina kadi. Mteja akiuliza kama memori imejaa, Othmani alimsahihisha kwanza ndipo akamkaribisha kiti.

Mkewe, Naima, ndiye aliyekaa dukani. Othmani akiwa hayupo, picha za pasipoti Naima alizipiga kwa simu yake, akazichapa, na wateja wakaenda zao wameridhika. Siku moja Othmani alizikuta mezani, akainua moja juu. "Unaona mwanga huu? Hii ndiyo kamera." Naima hakuweza kujizuia tena, akamwambia ukweli, na wakabishana mpaka chai ikapoa.

"Baba Rayyan, mapro wenyewe wanatumia simu sasa. Kazi ni jicho. Kamera ni chombo tu, kama mwiko. Pilau haipikwi na mwiko."

"Sikiliza, Mama Rayyan. Siku utakayosikia mimi nimepiga harusi kwa simu, chukua ngazi, chukua rangi, ulifute bango langu kwa mkono wako. Mbele ya Mwanjelwa nzima."

"Mbele ya Mwanjelwa nzima," Naima alirudia polepole, kama mtu anayetafuta shahidi.

Haukupita muda ikaja kazi ya Kalenga. Aliyeileta ni Mama Marcelino, mwenye mashine ya kukoboa mpunga kule Ubaruku. Mwanawe Marcelino alikuwa anamwoa Benedicta, binti wa Mzee Filemoni, na harusi ingefungwa kwao bibi harusi, huko Kalenga, Iringa. Mama Marcelino alikuwa na kidonda. Harusi ya mwanawe wa kwanza ilipigwa na mpwa wake kwa simu, simu ikaibiwa stendi, na harusi ikaenda nayo.

"Safari hii nataka mdude," alisema. "Nataka kamera ambayo mtu akiiona tu, anakaa sawa."

Othmani alikubali, ila kwa sharti lake la siku zote: simu za wageni zikusanywe mlangoni mwa kanisa, maana watu hunyoosha mikono na kumzibia. Mama Marcelino akaona huyo ndiye mtu.

Alfajiri ya safari, begi likiwa begani, Othmani aliuliza kutoka mlangoni, "Mama Rayyan, kadi umeniwekea?"

"Nimekuwekea. Ipo mfuko wa mbele."

Akaondoka na basi la Iringa, akalala gesti mjini, na kesho yake akawa Kalenga mapema, kamera kifuani. Watu walimsalimia "Kamwene!" naye akaitikia "Kamwene!" kwa sauti ya mwenyeji. Watoto walimfuata. Wazee walikaa sawa. Roho yake ilikuwa kwatu.

Mlangoni mwa kanisa alikaa Faustina, dada yake Mzee Filemoni, ambaye pale wote walimwita Shangazi, na kikapu kikubwa kilichosukwa kwa majani ya milulu mapajani. Wageni walisitasita kutoa simu zao. Othmani akaona awape mfano. Akainua simu yake juu, simu nzuri ya bei kubwa aliyotumiwa na mwanawe, ambayo yeye aliitumia kusema halo tu.

"Jamani, hata mimi naweka! Leo picha ni kamera peke yake!"

Wakampigia makofi. Simu ikaingia kikapuni, na nyingine zikaifuata. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini siku ya kuchimba nani hukumbuka.

Kinanda kilipoanza, Othmani alisogea pembeni, akafungua mfuko wa mbele ili aiweke ile kadi kwenye kamera. Vidole vyake vikagusa kitu kipana. Akavuta. Ilikuwa kadi kweli, ya rangi ya maziwa, imefungwa utepe wa dhahabu: Familia ya Mama Marcelino inayo furaha kuwaalika Bwana na Bibi Othmani. Ilikuwa kadi ya mwaliko.

Aliupekua mfuko huo, akaipekua mifuko mingine, akajipekua na yeye. Ile kadi ndogo ya picha haikuwepo. Kamera bila hiyo ni pambo tu: unaona, unabonyeza, hakuna kinachobaki. Na bibi harusi alikuwa ameshaingia, mkono wake ndani ya mkono wa baba yake, anatabasamu akimwangalia Othmani. Othmani afanyeje? Akanyanyua kamera, na kwa kidole gumba akabonyeza kitufe cha kujaribia taa. Taa ikawaka. Benedicta akazidi kutabasamu. Na Othmani akasikia aibu ikimpanda kutoka nyayoni.

Akatoka kwa mlango wa pembeni, akamkuta dereva wa bodaboda, mtu mzima mwenye ndevu za mvi, Kalinga jina lake. Akambandika pesa mkononi. "Kimbia mjini uniletee kadi. Kubwa uwezavyo, ya kamera hii ya harusi!" Kalinga aliitikia kwa kichwa na kuwasha pikipiki.

Sasa ikabaki kuigiza. Othmani alipiga magoti, akapanda kiti, akajikunja kama mamba, taa ikiwaka pa, pa, pa. Wageni walinong'ona: huyu ni fundi. Padri alimpisha. Vikaja viapo, zikaja pete, na Othmani akawasha taa yake tupu usoni mwa watu waliokuwa wakivishana pete mara moja tu maishani. Hapo utani ulimtoka. Alimkumbuka Mama Marcelino na harusi iliyoibiwa stendi, akaona mwizi wa leo ni yeye.

Kalinga alirudi wakati misa inakaribia kwisha, jasho linamtoka, amebeba bahasha chini ya koti. Othmani aliipasua. Ndani mlikuwa na kadi ya pongezi, kubwa kama sinia, ina mawaridi na njiwa wawili. Alipoifungua ikaanza kuimba.

"Ulisema kubwa, bosi," Kalinga alijitetea. "Ya harusi. Hii ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote."

"Kadi ya kamera, ndugu yangu! Ile ndogo, ya kuwekea picha!"

"Aaa, memori! Si ungesema memori?"

Othmani aliifunga ile kadi, nayo ikaendelea kuimba. Akaikalia.

Ilibaki njia moja, nayo ilipita kwa Shangazi Faustina. Alimkuta mlangoni, amekumbatia kikapu, uso hauna habari.

"Shangazi, naomba simu yangu."

"Simu? Sheria umeleta wewe, kaka. Padri mwenyewe katoa yake."

"Ni dharura."

"Dharura gani? Umepungukiwa memori?"

Othmani, kwa kuchanganyikiwa kwake, hata hakujiuliza neno lile limetoka wapi. Aliinama, akamweleza kila kitu kwa sauti ya chini, na mwisho akasema, "Shangazi, nimewaharibia watu. Pete zimepita, sina hata moja." Faustina alijifunika mdomo kwa khanga, mabega yakimtetemeka, na Othmani hakujua ni huruma au ni kicheko. Kisha akamkabidhi simu.

"Haya. Lakini hao watu walitaka mdude. Wakikuona na kasimu, Mama Marcelino atazimia hapahapa."

Ndipo Othmani alipofungua utepe wa dhahabu kwenye kadi ya mwaliko, akaifunga simu juu ya kamera, imara, taa ikaificha kwa mbele, lensi yake tu ikichungulia pembeni. Mbele ya watu ulikuwa mdude uleule. Nyuma yake, Othmani alikuwa akipiga kwa simu.

Na alipiga! Kwenye sherehe, bibi yake Benedicta alipoingia kucheza na bwana harusi, Othmani alimsogelea karibu kabisa, akayapata meno yake mawili na furaha yake yote. Alimpata Mzee Filemoni akifuta chozi na kusingizia moshi wa mbuzi wa kuchoma. Kila alipoangalia kioo alitaka kukasirika, maana picha zilikuwa nzuri, na kukasirika hakukuja. Wakati wa keki alikuwa anacheka peke yake.

Jioni Faustina alimvuta pembeni, akatoa kwenye pindo la khanga simu iliyopasuka kioo. "Mimi mlinzi, nani angenikagua? Nilichungulia kidogo." Kwenye kioo kile kilichopasuka ilikuwepo pete, nusu imeingia kidoleni, Marcelino ameuma mdomo kwa woga, na Benedicta anamcheka. Othmani aliitazama mpaka macho yakaloa.

"Nitumie, Shangazi. Nitakupa chochote."

"Sitaki kitu. Sema umepiga wewe," Faustina alisema, na akatumia.

Kesho yake, hukohuko Kalenga, Mama Marcelino alizitazama picha zote kwenye kompyuta ndogo aliyosafiri nayo Othmani. Alipofika kwenye pete alilia. Kisha akapiga meza kwa kiganja. "Mnaona? Simu ingeweza hivi?" Othmani akapaliwa na chai.

Nyumbani Mbeya alifika amerudisha kifua mbele. Naima alizipitia picha, akasimama kwenye ile ya pete. "Nzuri sana hii, Baba Rayyan. Umepiga na lensi gani?"

"Ile ndefu."

"Ile ndefu," Naima alisema, na akaenda kulala.

Asubuhi Othmani alipofika kazini alikuta watu wamejaa, wameinua shingo. Juu ya ngazi alikuwa Naima, khanga imekazwa kiunoni, kopo la rangi mkononi.

"Mama Rayyan! Unafanya nini?"

"Natimiza wosia wako."

"Nani kakwambia?"

Naima aliinama ili wengine wasisikie. "Memori uliiacha kwenye kompyuta ya dukani. Nilipoikuta nikakupigia, akapokea shangazi wa kikapu. Nikamwambia, dada, kama una simu, wahi pete. Na huyo mume wangu mpe yake, ila mwache kwanza aombe."

Othmani alishika mguu wa ngazi. Kumbe Faustina alijua kabla hajamfungulia mdomo, na kumbe pete ile ilikuwa imeokolewa kutoka hukuhuku Mwanjelwa. Alitaka kufoka, akachelewa. Juu, brashi ilikuwa imeshapita. Herufi mbili za mwanzo zilikuwa zimekwisha kufutika, na watu wakasoma kwa sauti: "TUPIGI KWA SIMU. Kiswahili gani hiki?" Kicheko kikaenea mpaka kwa wauza nyanya. Othmani aliinamisha uso na kungoja herufi zilizobaki zimfuate.

Hazikufuata. Naima alichovya brashi kwenye rangi nyekundu, akabana herufi moja nyembamba kwenye nafasi iliyokuwepo, akashuka ngazi akijifuta mikono. Othmani aliinua macho. TUPIGIE KWA SIMU, bango lilisema, na chini yake, namba ya simu.

"Eee! Sasa namba ina maana," mtu mmoja alisema, na watu wakaanza kutawanyika. Hakuna aliyejua kitu.

"Ahadi ni ahadi," Naima alimwambia. "Nimefuta."

Simu ya Othmani ikaita mfukoni. Ilikuwa Mama Marcelino, sauti juu, mashine ya mpunga ikinguruma nyuma yake: binti yake mdogo anapata kipaimara, na hataki mwingine, anataka mdude.

Othmani alimwangalia mkewe. Naima alijifanya anatazama upande wa pili, lakini shavu lilimsaliti.

"Tutakuja, mama," Othmani alisema. "Mimi na mke wangu. Na usiwe na wasiwasi, safari hii memori naiweka mwenyewe."