Waliosimama Pembeni

Usijifanye hukuwepo. Siku lile lori liliposimama mbele ya geti la kiwanda cha nyuzi, ulikuwepo, ukageuza uso ukasoma tangazo la sabuni kama barua ya mchumba. Ni miaka kumi na moja sasa. Unadhani watu wamesahau? Macho hayana pazia.

Fundi hajasahau. Huyo ndiye mwanamke anayetengeneza na kuendesha mitambo ya picha katika chuo cha watu wazima. Siku ile mdogo wake, kibarua wa kiwandani, alirushwa ndani ya lori kama gunia la pamba mbovu, na mpaka leo hata kaburi hana. Mpiga picha wa harusi aliyekuwa akipita alinasa dakika nne za tukio, na mkanda wake Fundi anao. Mwaka huu baraza la uchunguzi wa waliopotezwa lilipofunguliwa, akaupeleka. Karani akautazama mpaka mwisho, akakuna kidevu.

"Dada, mkanda hauli kiapo," akasema. "Wanaobeba tunawaona. Aliyeamuru je? Tuletee mtu aliyekuwepo amtaje kwa jina. Faili linafungwa Ijumaa, saa tisa alasiri."

Hiyo ilikuwa Jumatatu asubuhi. Mchana Fundi akarudi kazini, nyuma ya projekta, darasani kwa Mwalimu.

Mwalimu hufundisha historia ya Ulaya ya karne iliyopita kwa picha za sinema: maandamano, makambi, risasi za barabarani. Ana ulimi wa asali, na shati lake limenyooshwa pasi mpaka mikunjo inaweza kukata mkate. Ana utaratibu wake. Kila picha hutazamwa mara tatu: ya kwanza na sauti, ya pili bila sauti. Ya tatu, Fundi hushika kipande cha boksi katikati ya mwanga, giza likameza kiini cha picha, zikabaki kingo tu.

Siku hiyo ilikuwa Vienna, mwaka 1938. Wayahudi wamepigishwa magoti, wanasugua barabara kwa brashi huku wamesimamiwa. Boksi lilipoingia, waliopiga magoti wakatoweka. Ukabaki umati.

"Haya, tuwasome," akasema Mwalimu.

"Yule mama kajiinua kwa vidole, asipitwe na uhondo," akasema muuguzi aliyekaa mbele.

"Na huyu bwana anatazama saa," akadakia dereva wa teksi. "Anawahi wapi, jamani, kupeleka posa?"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. "Wenye fimbo walikuwa wachache," akasema. "Hawa ndio waliowapa nafasi. Andikeni."

Fundi akageuka kutazama zile kingo, kivuli cha boksi kikayumba ukutani. Miaka yote hiyo, kila alipoucheza mkanda wake, alimtazama mdogo wake peke yake: shati lililochanika, mguu uliovuliwa kiatu. Hakuwahi kutazama pengine. Dada gani angetazama pengine?

Darasa lilipotoka akafunga mlango, akatia mkanda kwenye deki, akalibandika lile boksi katikati ya kioo cha runinga. Kushoto kabisa, mtu mwenye miwani alikuwa akinyoosha kidole kuelekeza wabebaji. Bega kwa bega naye alisimama kijana mwenye vitabu kwapani. Yule wa miwani akageuka, akamwambia neno. Kijana akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, akarudi nyuma.

Shati lililonyooshwa pasi. Mwalimu.

Akamkuta chumba cha walimu, anakunywa chai. "Njoo unisomee umati wangu," akamwambia.

Mwalimu akaja na kikombe mkononi, akatazama mara moja tu. Hakuomba kurudishiwa.

"Alikwambia nini?" Fundi akauliza.

"Alisema... 'Mwalimu, sogea kidogo, usije ukachafuka.'"

"Nawe ukasogea."

"Nikasogea."

"Kakuita Mwalimu. Mnajuana."

"Mwanawe nilikuwa namfundisha. Dada yangu, nina watoto, na yule bwana leo ni mkubwa. Unadhani ninafundisha haya kwa nini? Ili waelewe wenyewe, taratibu..."

"Umezunguka Ulaya nzima kukwepa hatua kumi za pale getini! Nyani haoni kundule."

"Usinitukane."

"Sikutukani. Ijumaa twende wote ukaseme jina, basi."

"Nitakuja," akasema, akiongea na kikombe.

Ijumaa, kuanzia saa mbili asubuhi, Fundi alikaa kwenye benchi la baraza. Kila mlango ulipolia alinyanyuka. Saa sita ukaja ujumbe kwenye simu: Mwalimu kapata dharura, anamwomba subira. Subira! Kana kwamba miaka kumi na moja alikuwa anacheza bao.

Saa tisa kasorobo akaingia kwa karani, akamwaga bahasha mezani. Zikatawanyika nyuso thelathini na moja za watazamaji, alizozichapa kutoka kingo za ule mkanda, kila mmoja peke yake. Picha ya mdogo wake haikuwemo.

"Huyu wa vitabu kakataa," akasema. "Wamebaki thelathini. Jina la aliyeamuru analijua, andika aitwe kwa lazima. Na hawa wengine, kawabandike nje."

Karani akazitazama nyuso moja moja. Kwenye mmoja mkono wake ukasita. Labda jirani, labda shemeji. Akavuta muhuri. "Siku saba za nyongeza," akasema. "Zaidi ya hapo sina uwezo."

Zimebandikwa. Leo ni siku ya tano. Watu wanapita, wanatazama, wanakaza mwendo. Hakuna aliyebisha hodi, hata Mwalimu, na mwenye miwani bado anapigiwa saluti.

Sasa wewe. Picha yako ipo pale, na moyoni unajua. Jina la mtu yule unalijua. Umelinong'ona jikoni, umelitaja baani ulipolewa. Funga ukurasa huu. Vaa viatu. Nenda leo, maana kesho utapata dharura. Ingia, keti mbele ya karani, litamke kwa sauti mpaka aliandike.