Sakafu Isiyong'aa

Huko milimani Boyacá, mwanamke hupimwa kwa sakafu yake. Unaweza kuunguza supu ukasamehewa, lakini mgeni akikuta sakafu imefifia, umekwisha. Otilia alikuwa amesugua sakafu kwa nta nyekundu tangu usichana wake, nyumbani kwake na kwa matajiri, hadi magoti yakamgomea, akaishia katika nyumba ya wazee ambako bintiye, Ludivina, alikuwa mfanya usafi.

Mwaka huo korido ya nyumba ya wazee iliwekewa vigae vipya vya kijivu, vyenye kukwaruza. Sheria ya majengo ilitaka sakafu isiyoteleza hata ikilowa. Injinia Basto alimwaga maji, akaburuta juu yake kipande kizito cha mpira kupima utelezi, akaridhika. Kabla ya kuondoka alimwonya Ludivina asithubutu kuipaka nta, maana wazee wangeanguka. Ludivina aliitikia. Kazi ilikuwa kwa mama yake.

"Sakafu gani hii ya kusugulia magaga?" Otilia alimuuliza. "Kesho askofu anakuja. Watasema mtoto wa Otilia mchafu."

"Mama, imekatazwa."

"Huyo injinia amewahi kupiga deki? Mwanangu, mimi nimebakiza nini? Niache nione sakafu inayong'aa, basi."

Hilo la mwisho ndilo lililomchoma Ludivina. Mama hakuwa ameomba kitu chochote tangu aletwe pale. Alasiri hiyo alipiga magoti akaipaka nta korido nzima, akaisugua kwa blanketi kuukuu mpaka madirisha yakaonekana ndani yake. Alijidanganya kwamba nta ya siku moja haiui mtu.

Asubuhi Otilia alitoka wa kwanza, na soksi zake za sufi, bila mkongojo, maana alitaka kuikanyaga kama mwenye nyumba. Ludivina alikuwa upande wa pili na ndoo yake. Alimwona mama akitabasamu, kisha akamwona chini.

Nyonga ilivunjika, na mama hakusimama tena. Injinia alirudi, akasimamia nta ikikwanguliwa yote. Kutoka kitandani Otilia alikuwa na swali moja tu kila siku.

"Bado inang'aa?"

"Inang'aa, Mama," alijibu Ludivina, mikono yake ikinuka dawa ya kuondolea nta.

Otilia alifariki msimu wa mvua. Majirani walikuja na makopo yao ya nta kuisugua korido kabla jeneza halijapita, kama walivyomfanyia kila marehemu wa mtaa wao. Ludivina alisimama mlangoni akawazuia. Mmoja alimwambia kwamba anamwaibisha mama yake hata siku ya mwisho. Ludivina alijua ni kweli, na ilimuuma kupita kiasi.

Wanaume wakalibeba jeneza, viatu vyao vikichuruzika maji. Ludivina aliwafuata akitazama miguu yao, si jeneza, korido nzima mpaka nje. Hakuna aliyeteleza.