Geti la Tao na Futi Mbili za Mama

Uvumi ulimwingia mama Jumanne asubuhi, akitia uzi kwenye cherehani, na tangu hapo haukumtoka. Aliyeuleta ni kinyozi wa jirani, yule wanayemwita Redio kwa kuwa hazimiki.

"Bi mkubwa, hongera! Binti yako anatuletea geti. La tao, lina taa na neno 'Karibuni' kwa maandishi ya dhahabu! Manispaa inatoa nusu, nusu tunachanga sisi. Anatia saini Ijumaa."

"Nani kakwambia?"

"Mji mzima unajua. Wewe tu ndiye uko bize na mapindo."

Mama alicheka, lakini si kwa moyo. Binti yake alikuwa na miezi minne tu ya uenyekiti wa mtaa. Alimlea kwa cherehani hii hii, na jina safi ndiyo mali pekee aliyompa. Likichafuka, nani atalifua?

Na mtaa wenyewe haukuwa na shida ya geti. Kila nyumba ilikuwa na kipande chake cha mtaro, ukingo umepakwa rangi ya mlango wa nyumba hiyo. Taka zikionekana kwenye kijani, mwenye kijani anatoka na koleo kabla hajataniwa. Hakuna ushuru wa usafi, na mvua ikinyesha maji yanapita kwa adabu. Kilichokosekana ni mifuniko mitatu ya zege, imevunjika pale konani alipotumbukia mwalimu mstaafu akatoka na kiatu kimoja.

Jioni binti akaja kula. Mama hakungoja anawe.

"Ni kweli, mwanangu?"

"Mama, watu wanataka maendeleo. Mtaa wa pili wanalo."

"Na mifuniko?"

"Itafuata."

"Itafuata wapi? Miguu ya mwalimu ndiyo itatangulia."

Binti akatandaza mchoro juu ya meza ya kukatia nguo. Mama hakusoma sana, lakini vipimo ndivyo ugali wake wa kila siku. Akaweka kidole. "Mita tatu kwenda juu. Gari la kunyonya vyoo likija, litainama?"

Binti akaukunja mchoro. "Kesho linakuja mlango wa tatu. Tulipime."

Asubuhi gari lile lilikuwa mlango wa tatu, likivuma. Mama akatoka na futi zake mbili za kushonea, kila moja mita moja na nusu, amezibana kwa pini ncha kwa ncha. Dereva akapanda ngazi ya tangi kushika ncha ya juu. "Mama, unalishonea suti?"

"Shika, usinichekeshe."

Ncha ya chini ikaning'inia hewani, mkono mzima juu ya lami. Futi mbili, mita tatu za geti, hazikutosha. Binti akaketi kwenye ukingo wa mtaro, akacheka mpaka machozi.

"Mama, ningefungia vyoo vya mtaa mzima nje ya geti la dhahabu!"

"Na wangekupa jina la vyoo hivyo mpaka uzeeni," mama akasema, naye sasa anacheka kwa moyo.

Ijumaa ukumbini, mbele ya watu wote, binti akasema, "Nilikosea. Niliona mchoro, sikupima." Akaomba fungu la manispaa lihamie kwenye mifuniko. Afisa wa manispaa akajibu kuwa ni la geti tu, wasipolichukua linarudi.

"Basi lirudi," binti akasema. "Si zawadi, ni kodi zetu hizo hizo."

"Sasa tutaingia mtaani bila kukaribishwa?" Redio akalalamika.

"Wewe hata ukifungiwa unaingia," mwalimu mstaafu akamjibu, na ukumbi ukaangua kicheko.

Mifuniko waliimimina wenyewe Jumamosi mbili, fundi mwashi wa mtaa akisimamia, kila nyumba na ndoo yake ya kokoto. Mwalimu ndiye aliyeikanyaga kwanza, kwa viatu vyote viwili. Mama akarudi kwenye mapindo, roho imetulia.

Binti akamletea karatasi ngumu. "Yaandike uliyonisema, niyabandike ofisini, asome na atakayenifuata."

Mama akaandika kwa chaki yake ya kushonea, kisha akapitishia kalamu:

Usitie saini mchoro ambao hujaupima mahali penyewe.
Usianze kipya wakati kilichovunjika kiko mlangoni.
Usikimbilie cha nusu bei. Nusu zote mbili ni zako.
Usimlipe mgeni kazi ambayo jirani anaona haya kuiacha.
Usitamani geti la mtaa wa pili. Hujui gari lao linapita wapi.
Usiseme "itafuata".